Pointi za Supamaketi si Zawadi, ni Deni

Nitasema wazi tangu mwanzo ili anayetaka kukasirika aanze mapema: pointi unazopewa ukinunua unga na sabuni si zawadi. Ni pesa zako, zimeshikwa na mtu mwingine, kwa masharti aliyoyaandika yeye na anayoweza kuyabadilisha usiku ukiwa umelala. Kila nikisikia tangazo likisema duka fulani "linawatuza wateja wake", huwa najiuliza ni tuzo gani hii ambayo mtoaji anaweza kuirudisha mfukoni mwake bila kukuuliza.

Najua wengi mtasema, "Bwana, ni pointi tu, shida iko wapi?" Shida ni kwamba watu wengi wanaozikusanya hawajui tofauti ya pointi, kuponi, vocha na bei ya kadi. Vyote wanavitia kwenye kapu moja la "ofa". Si vitu sawa hata kidogo. Kimoja ni mkataba, kingine ni pesa uliyolipa mapema, na kingine ni ahadi ya hewa. Usipojua ulichoshika, huwezi kujua lini umeibiwa.

Haya, tuanze.

Kuponi ni sentensi ya "kama"

Mimi ni mwandishi wa programu, kwa hiyo mnivumilie nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Ukiivua kuponi yoyote mapambo na rangi nyekundu, ndani yake utakuta kitu kama hiki:

kama (jumla >= 2000 na leo <= tarehe_ya_mwisho na haijatumika)
    jumla = jumla - 200
    haijatumika = uongo

Basi. Hakuna uchawi. Kuna sharti, kuna punguzo, na kuna alama ya kuonyesha imeshatumika. Aina zote za kuponi duniani zinatofautiana kwa maswali matatu tu: nani analipia punguzo, sharti ni nini, na nani anaweza kubadilisha mistari hiyo baada ya wewe kuipokea. Swali la tatu ndilo watu hawaulizi, na ndilo lililonifanya niandike leo.

Tuanzie Marekani, nyumbani kwa kuponi

Mwishoni mwa miaka ya 1880 huko Atlanta, Asa Candler, aliyekuwa akiinunua biashara ya Coca-Cola, alianza kugawa tiketi za kumpa mtu glasi moja ya bure ya kinywaji kilichouzwa senti 5. Hiyo hutajwa kama kuponi ya kwanza ya aina yake. Tangu hapo Wamarekani wamejenga mfumo mzima juu ya karatasi hizi. Ndugu zetu walio huko wanazikata magazetini hadi leo, ingawa nyingi zimehamia kwenye simu.

Kule kuna aina kadhaa, na ni vizuri kuzijua moja moja.

Kwanza, kuponi ya mtengenezaji. Hii hutolewa na kampuni inayotengeneza bidhaa, si duka. Ukitoa kuponi ya dola 1 kwenye boksi la nafaka, duka linakukata dola 1, kisha linaituma kuponi ile na kurudishiwa dola yake na mtengenezaji, pamoja na senti 8 hivi za usumbufu. Ndiyo maana inapokelewa katika maduka mengi tofauti.

Pili, kuponi ya duka. Hii inatolewa na duka lenyewe, linabeba hasara lenyewe, na haitumiki kwingine.

Tatu, kuponi ya kaunta. Ukilipa, mashine inatema karatasi nyingine kando ya risiti: ukirudi wiki ijayo ukanunua kitu fulani utapunguziwa. Mashine imeangalia ulichonunua ikaamua ikupe nini. Umenunua kahawa ya kampuni A? Inakupa kuponi ya kahawa ya kampuni B.

Nne, kurudishiwa pesa. Unalipa bei kamili, unapiga picha ya risiti kwa simu, unapata pesa baadaye kwenye akaunti ya programu kama Ibotta.

Utamu uko hapa: maduka mengi yanakubali kuunganisha kuponi moja ya mtengenezaji na moja ya duka kwenye bidhaa moja, kwa sababu walipaji ni wawili tofauti. Boksi la dola 4, ukatoa kuponi ya mtengenezaji ya dola 1 na ya duka ya senti 75, unalipa dola 2.25. Lakini huwezi kuunganisha mbili za mtengenezaji kwenye boksi moja, kwa sababu hapo mlipaji ni yule yule. Ukilielewa swali la "nani analipia", huhitaji kukariri kanuni yoyote.

Kuna pia maduka yanayozidisha kuponi mara mbili: ya senti 50 inakuwa dola 1, na nusu ya pili analipa mwenye duka. Ndiyo sababu utaona kuponi nyingine zimeandikwa kwamba zisizidishwe. Na yale maandishi madogo yanayosema thamani ya kuponi ni sehemu moja ya mia ya senti? Ni kwa ajili ya sheria za majimbo fulani zilizotungwa enzi za stempu za biashara, zilizotaka karatasi kama hizo ziwe na thamani ya pesa taslimu. Wakaandika thamani ndogo kabisa kuridhisha sheria.

Kwa wapenzi wa teknolojia kama mimi, msimbopau wa kuponi za zamani ni somo zuri. Ulianza na tarakimu 5, ikifuatiwa na namba ya kampuni, kisha tarakimu 3 za familia ya bidhaa na tarakimu 2 za thamani. 76, kwa mfano, ilimaanisha dola 1. Mashine ilikagua kampuni na familia tu. Kwa hiyo kampuni iliyokuwa mvivu wa kupanga familia zake ilikuta watu wakitumia kuponi ya bidhaa ghali kwa bidhaa rahisi ya kampuni hiyo hiyo, na mashine ikikubali bila kulalamika. Ndiyo moja ya sababu walihamia aina mpya ya msimbo wenye nafasi ya maelezo zaidi, kazi iliyochukua miaka hadi kufikia 2011 hivi. Funzo: ukaguzi dhaifu kwenye data ni mlango uliosahauliwa wazi.

Lakini tazameni jambo moja. Karatasi ile ikishachapishwa na kufika mkononi mwako, dola 1 ni dola 1 hadi tarehe iliyoandikwa. Mtengenezaji hawezi kuingia jikoni kwako usiku akafuta "dola 1" akaandika "senti 60". Mistari ya programu imechapishwa kwa wino. Hilo liweke akilini.

Sasa turudi Kenya

Kwetu hatukurithi utamaduni wa kukata magazeti. Tulirukia moja kwa moja kwenye kadi za plastiki, kisha nambari ya simu. Hivi ndivyo vitu unavyokutana navyo:

1. Pointi. Unatumia pesa, unahesabiwa alama, siku moja unazigeuza kuwa punguzo.

2. Vocha ya zawadi. Mwajiri anakupa Desemba, au shemeji anakupa harusini. Mtu ameshailipia kwa pesa taslimu.

3. Nunua 2 upate 1, na jamaa zake.

4. Bei ya kadi. Rafu ina bei mbili, ya mwenye kadi na ya asiye nayo.

5. Msimbo wa punguzo. Unauandika kwenye programu ya kuletewa bidhaa nyumbani.

Namba 3 ndiyo rahisi kuipima: gawanya. Ukilipia maziwa mawili ukapata matatu, umepunguziwa theluthi moja kwa kila pakiti, mradi utayanywa yote matatu. Ya tatu ikiganda kwa sababu huna friji, umelipa bei ile ile ya kawaida na umebeba takataka nyumbani.

Namba 5 ina mtego wa kiwango cha chini. Umepewa msimbo wa kukatwa shilingi 200 ukinunua kuanzia 2,000. Orodha yako ilikuwa ya 1,400. Unaongeza biskuti na losheni hadi ifike 2,000, unalipa 1,800, unashangilia kuokoa 200. Rafiki yangu, umetumia 400 zaidi ya ulivyopanga. Ofa imefanya kazi vizuri sana, ila haikuwa inakufanyia kazi wewe.

Namba 4 nitakuwa mkweli kwayo. Wengi tunashuku kwamba bei ya juu imepandishwa makusudi ili ya kadi ionekane tamu. Uingereza, mamlaka ya ushindani ilichunguza bidhaa kama 50,000 za namna hii katika supamaketi na mwaka 2024 ikasema asilimia 92 zilikuwa na punguzo la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya duka hilo. Kwa hiyo si kila bei ya kadi ni uongo. Lakini uchunguzi ule ulifanyika kwao, kwa rafu zao. Nataka kuona wetu ukifanyika kwa rafu zetu ndipo nitulie.

Sasa nije kwa namba 1 na 2, ambazo ndizo mzizi wa fitina.

Mhasibu anajua usichoambiwa

Kenya tunatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu. Kiwango kinachoitwa IFRS 15, kilichoanza kutumika 2018, kinasema kampuni ikikupa pointi zenye manufaa ya kweli kwako, haiwezi kuhesabu pesa yote uliyolipa kama mapato. Sehemu inayolingana na pointi lazima iwekwe upande wa madeni, mpaka utakapozitumia au zitakapokwisha muda. Kabla ya hapo kulikuwa na maelekezo ya namna hiyo tangu mwaka 2008.

Soma tena polepole. Kwenye kitabu cha hesabu, pointi zako zimeandikwa kuwa kampuni inadaiwa. Kwenye bango la barabarani, pointi zile zile zinaitwa zawadi. Zote mbili haziwezi kuwa kweli kwa wakati mmoja, na mimi namwamini mhasibu.

Na pointi zinapokwisha muda bila kutumika, deni linafutika na kuwa mapato. Yaani usahaulifu wako ni sehemu ya biashara. Kampuni hukadiria mapema ni kiasi gani cha pointi hakitadaiwa kamwe, na makadirio hayo yanaingia kwenye hesabu.

Mwaka 2022 Safaricom ilipotangaza kwamba pointi za Bonga zilizokaa zaidi ya miaka 3 zitakwisha muda, Wakenya walipiga kelele. Walikuwa na haki. Tangu 2007 watu walikuwa wamezoea kuziona kama akiba, na mwaka 2020 wakati wa korona kampuni hiyo hiyo iliwaruhusu kununulia bidhaa madukani, kila pointi 100 zikiwa na thamani ya shilingi 30. Ukishamruhusu mtu kununua unga kwa kitu fulani, usimwambie tena kwamba kitu hicho ni mchezo.

Na duka likianguka je?

Nakumatt ilikuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Tuskys nayo ilianza kufunga tawi baada ya tawi mwaka 2020. Sasa jiulize: aliyekuwa na kadi yenye pointi za miaka mitano aliipeleka wapi? Aliyekuwa na vocha ya zawadi ya shilingi 5,000 aliyopewa na mwajiri aliitumia kwenye kaunta gani?

Kampuni ikifilisika kuna foleni. Mbele wamesimama wenye dhamana, kama benki. Mwenye vocha ni mdai asiye na dhamana, yuko mkiani mwa foleni akisubiri makombo ambayo kwa kawaida hayafiki. Mama aliyejibana akisema "hizi pointi nitazitumia Krismasi" hakujua alikuwa anakikopesha kiwanda cha matatizo bila riba, bila maandishi, na bila dhamana.

Huku ndiko tofauti na ile karatasi ya Marekani inapoonekana. Kuponi ya mtengenezaji duka likifungwa unaipeleka duka jirani. Pointi ni safu kwenye kanzidata ya mtu mmoja. Seva yake ikizimwa, pointi zako zimezimwa nayo. Na hata ikiwa hai, thamani ya pointi ni namba moja kwenye jedwali moja. Anayejua nywila anaweza kuibadilisha kutoka 0.30 kwenda 0.20 kwa amri ya mstari mmoja, na akiba ya kila mteja nchini ikapungua theluthi kabla hujamaliza kunywa chai. Hakuna aliyevunja kufuli.

Bei ambayo haiko kwenye risiti

Kuna malipo mengine pia. Duka moja niliwahi kuulizwa nambari ya kitambulisho cha taifa ili nipewe kadi ya pointi. Nikauliza ya nini. Mhudumu, maskini, akasema "mashine inataka." Mashine haitaki kitu! Mtu aliiandika itake. Ili kuhesabu pointi unahitaji namba yoyote isiyojirudia, hata ya kubuni. Kitambulisho ni tamaa.

Kila mara ukitaja nambari yako ya simu kaunta, kikapu chako chote kinaandikwa chini ya jina lako: dawa ulizonunua, nepi zilipoanza, siku ulipoacha kununua pombe. Mwaka 2012 gazeti la New York Times lilieleza jinsi duka la Target lilivyotumia orodha za manunuzi kukisia wateja wajawazito, kisha kuwatumia kuponi za vitu vya watoto zilizochanganywa na matangazo ya mashine za kukatia nyasi ili wasishtuke. Hiyo ni kazi ya takwimu za kawaida, wala haihitaji akili bandia.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki, kifungu cha 26, ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, kupinga na kudai isahihishwe au ifutwe ikiwa ni ya uongo au ya kupotosha. Ni wangapi wameambiwa hivyo kaunta?

Najua mtakachosema

"Hakuna anayelazimishwa." Kweli, lakini bei ikiwa mbili kwenye rafu, asiye na kadi anaadhibiwa. Ajuza asiye na rununu ya kisasa analipa zaidi ya kijana mwenye mshahara. Huo ni uhuru gani?

"Asilimia moja tu, mbona kelele?" Sawa, tupige hesabu. Tuseme duka linatoa pointi 1 kwa kila shilingi 100, na pointi 1 ni shilingi 1. Familia inayotumia 10,000 kwa mwezi inapata 1,200 kwa mwaka. Kwa mtu mmoja ni mfuko wa sukari na mafuta. Kwa duka lenye wateja laki mbili wa namna hiyo ni shilingi milioni 240 kwa mwaka, zote zikiwa mikononi mwake. Asilimia moja ni ndogo kwa yule anayedai tu. Kwa yule anayeshika, ni mlima.

"Basi tuache pointi kabisa?" Sikusema hivyo. Nasema zitendewe kama deni.

Ninachodai

Risiti ionyeshe pointi zangu kwa shilingi, si kwa alama. Thamani ikibadilishwa, ibadilike kwa pointi zijazo tu, zile nilizokwisha kuzipata zibaki na bei ya siku nilipozipata. Zikikaribia kwisha muda, nitumiwe ujumbe mfupi miezi 2 kabla. Nambari yangu mnayo, mbona ya matangazo inafika? Pesa za vocha na pointi ziwekwe kwenye akaunti ya amana, mbali na mtaji wa duka. Na anayetaka kukusanya pointi bila kutoa jina lake aruhusiwe.

Waundaji programu wenzangu, hakuna hata moja hapo iliyo ngumu. Kuhifadhi thamani ya pointi pamoja na tarehe yake ni kuongeza safu moja kwenye jedwali. Kutuma ujumbe wa tahadhari ni kazi ya alasiri moja. Ukiletewa kazi hii na bosi akasema "haiwezekani", mwambie ukweli: haitakikani.

Na wewe mnunuzi, mpaka hayo yafanyike, fanya hivi. Andika orodha kabla ya kuona ofa. Gawanya bei kwa kilo au kwa lita, usidanganywe na ukubwa wa herufi. Ukipewa vocha, itumie wiki hiyo hiyo. Vocha si mvinyo, haiongezeki thamani ikikaa kabatini. Pointi zitumie kila zinapofikia kiwango cha chini, usizilimbikize kungoja Krismasi. Usitoe nambari ya kitambulisho kwa ajili ya sukari. Na usisahau mama mboga wa mtaani kwenu: hana kadi wala programu, lakini ukimwambia akupunguzie, anakupunguzia papo hapo, anakuongezea na dania juu. Kwake, mkishaagana, hakuna anayemdai mwenzake.